Maharage ya Yunis

Asije mtu akaniambia kwamba kulea mtoto na kuendesha shule ni kazi moja. Nimesikia wengi wakisema hivyo, tena watu wazima na akili zao: "Aa, Mwalimu Nikodemo, wewe una bahati bwana, unashinda na mwanao kutwa!" Nashinda naye wapi? Kutwa nilikuwa na watoto wa watu, na mmoja kati yao alikuwa wangu. Basi.

Shule yenyewe ilikuwa ghala la viazi kando ya barabara ya kwenda Mlalo. Tulilipaka chokaa mimi na mke wangu Rahabu mwaka mmoja baada ya Uhuru. Nilikuwa nimeacha kazi ya misheni kwa hasira zangu mwenyewe, na watoto waliokosa nafasi ya kusoma walikuwa wamejaa vilimani wanachunga mbuzi. Nikasema, nitawafundisha mimi. Mzazi mwenye fedha alilipa fedha, asiye nazo alileta maharage, na wengi walileta maharage. Kila muhula ukianza walipanga mstari mlangoni, mimi nikapima kwa pishi, nikamwandika mtoto. Maharage tuliyauza sokoni, tukanunua chaki, na kilichobaki ndicho kilichotulisha. Shule ile ikifungwa, nyumba yangu inalala na njaa. Hilo nililijua vizuri kuliko kitu chochote.

Ukafika mwaka wa sitini na nane. Azimio lilikuwa limeshatangazwa, na kila mtu alikuwa anatafuta mnyonyaji wa kumshika. Siku moja ya likizo, niko juu ya paa naziba matobo, akaja balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mbaraka, kofia mkononi. Nikashuka haraka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwalimu, mimi mjukuu wangu unamfundisha, kwa hiyo nimekuja kwa wema. Watu wanasema. Wanasema wewe unakusanya maharage ya wakulima, halafu binti yako mwenyewe umempeleka kibarua."

"Binti yangu yupi?"

"Unao wangapi? Yunis. Anapalilia shamba la Bi Mwanamisi kila asubuhi. Mtoto wa miaka tisa! Sasa mtu anayekula jasho la wengine mpaka la mwanawe, sisi tunamwitaje?"

Nilicheka. Niliona ni uzushi tu. Lakini mzee hakucheka.

"Jumatatu shule inafunguliwa," akasema. "Nitakuja kumwandikisha mjukuu wangu. Siku hiyo unipe maelezo mbele ya wazazi. Ukikosa, nalipeleka jambo hili kwenye tawi la chama, na huko wakisema ghala lirudi kuwa ghala, mimi simo."

Nilikwenda moja kwa moja jikoni. "Rahabu, Yunis yuko wapi?"

"Si katoka."

"Anakwenda wapi?"

"Muulize mwenyewe. Si mwanao?" Akaendelea kumenya viazi. Mke wangu akitaka kunitesa hunijibu kwa sauti ya chini.

Nikaanza kujiuliza. Ana njaa? Hapana, chakula kilikuwepo. Anataka viatu? Angeomba. Kuna mtu amemdanganya? Jamani, nilikuwa nawajua watoto wa shule nzima, nani anaogopa hesabu, nani babaye mlevi, nani haoni ubao akikaa nyuma. Wa kwangu nilijiuliza anapenda nini, nikakosa jibu. Nilisimama pale jikoni kama mgeni aliyesahau alichofuata.

Nikateremka mpaka shamba la Bi Mwanamisi. Yunis alikuwa ameshaondoka. Bibi alikuwa amekaa kwenye majani anakunywa uji.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunikamata? Nimeshasikia mimi ni kabaila siku hizi!" Akacheka mpaka uji ukamwagika. "Mie sikumwita. Alikuja mwenyewe, akaniambia, bibi nipe kazi, unilipe maharage. Nikamwambia, mtoto wewe, kwenu maharage si yamejaa hadi chini ya kitanda? Akasema yale si yake."

"Si yake kivipi?"

"Mwalimu wewe, unaniuliza mie?"

Maharage! Hebu nieleze, mtoto anatoka kwenye nyumba ambayo hata panya wamechoka maharage, anakwenda kupigwa na umande kutafuta maharage. Nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma. Nilimkuta uani ananawa miguu.

"Yunis, unapeleka wapi maharage ya Bi Mwanamisi?"

Akaendelea kusugua kisigino.

"Nakuuliza mimi!"

Akanitazama, akanijibu kwa Kishambaa, maana akikasirika Kiswahili humkimbia. Alisema kwamba ameyachuma kwa mikono yake, hakuiba. Kisha akaingia ndani. Nilitaka kumchapa. Fimbo niliishika kabisa. Lakini nikashindwa kujua namchapa kwa kosa gani, na nikaogopa. Ndiyo, niliogopa, mtu mzima na ndevu zangu. Niliogopa kwamba mtoto huyu hanihitaji tena, na kwamba jambo hilo lilitokea zamani, mimi niko na chaki sina habari.

Jumatatu wazazi wakaja na ukungu wao, wamejifunika makoti na kanga, vikapu kichwani. Nikaweka meza mlangoni, pishi juu yake, gunia pembeni. Mzee Mbaraka alikuwa amesimama karibu kabisa na meza, mjukuu mbele yake. Mwenyewe nilikuwa sina maelezo yoyote ya kumpa. Niliamua kwamba nitasema mtoto alikuwa anajifunza Kujitegemea. Nikapima ya huyu, nikapima ya yule. Nikainua macho, nikamwona Yunis kwenye mstari.

Alikuwa peke yake, kati ya mama mmoja wa bondeni na baba wa mwanafunzi wangu Timotheo, na kikapu kimemvuta bega. Nikafikiri amemletea mama yake kitu.

"Pita ndani," nikamwambia.

"Zamu yangu haijafika."

Watu wakacheka kidogo. Mstari ukasogea. Zamu yake ikafika. Akamimina maharage kwenye pishi mwenyewe, akalitikisa yashuke kama anavyoniona ninavyofanya, akajazia tena.

"Nimekuja kuandikishwa," akasema.

"Yunis, usinifanyie mchezo. Wewe ni mwanangu, unasoma bure."

"Sitaki bure."

"Kwa nini?"

"Wanaolipa unawachagua. Mimi nanyoosha mkono mpaka unakufa ganzi, unaniruka. Mwaka mzima."

Hakuna aliyecheka sasa. Nikatazama wazazi wale mmoja mmoja, na hasira ikanipanda, si kwa mtoto, kwao! Kwa sababu ni wao. Mwaka uliotangulia Yunis alishika nafasi ya kwanza, wakaja hapa hapa mlangoni kunipigia kelele: maharage tulete sisi, afaulu wa kwako? Nikasema sawa, nitawaonyesha haki. Tangu siku ile sikumwita ubaoni, sikumuuliza swali, daftari lake nililisahihisha la mwisho. Nilijua anajua. Nilidhani anajua kwamba ninajua. Nilifanya haki, na mpaka leo sijui mwenye shule mwingine angefanya nini.

Pishi lilikuwa limejaa mbele yangu. Nikilipokea, mimi ni baba gani huyo, anayemtoza mwanawe jasho? Nikilikataa, namrudisha kwenye dawati lile lile, mkono juu, macho yangu yakipita. Nikamtazama Mzee Mbaraka, maana yeye ndiye aliyekuwa na mashitaka. Alikuwa ameivua kofia na anaikunjakunja.

"Mzee, unasemaje?" nikamuuliza.

"Mimi? Nitasema nini hapa?" akajibu. "Mwandike mtoto, Mwalimu. Watu wanasubiri."

Nikachukua kalamu. Ulimi ukaenda kwa mazoea, maana maneno yale nilikuwa nimeshayasema kwa kila mtoto asubuhi ile.

"Jina?"

"Yunis."

"Jina la baba?"

"Nikodemo."

"Kazi yake?"

Akafikiri kidogo. Hakuwa na ukali wowote, aliniangalia tu kama mtoto anayetaka kujibu sawasawa.

"Anafundisha watoto wa watu," akasema.

Nikaandika. Nikamimina maharage, lakini si guniani. Niliyarudisha kwenye kikapu chake, nikakiweka chini ya meza, miguuni pangu, kwa sababu sikujua pengine pa kukiweka.

Somo la kwanza lilikuwa jiografia. Nikauliza, maji ya Mto Umba yanaishia wapi? Sijamaliza swali, mkono wake uko juu. Nikamwita. Akasimama wima, shati limetoka nje ya sketi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Korogwe!" Darasa likaangua kicheko. Nikasema, "Si kweli. Kaa. Mwingine." Kama ninavyomwambia mtoto yeyote. Nikageukia ubao, nikakaa nao muda, maana macho yangu hayakuwa mazuri.

Mchana Rahabu aliona kikapu nilichorudi nacho. Akayachagua maharage, akayaosha, akayateleka. Nilisema, "Hayo ni ya..." akaniambia nilete kuni.

Jioni tukakaa kula. Mimi kwa kawaida wakati ule nasahihisha madaftari huku nala, mkono mmoja kwa kalamu mmoja kwa ugali. Siku ile nilikaa tu. Sikujua nianze vipi. Nimuombe msamaha? Kwa haki? Nimsifu? Kwa kukosa swali? Yunis akameza tonge, akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyetoka mbali.

"Baba, leo mwalimu kanichagua."

Rahabu akaacha kutafuna. Mimi nikatafuta pa kushika.

"Kweli?" nikasema. "Akakuuliza nini?"

"Mto Umba unaishia wapi. Nikasema Korogwe."

"Ni Korogwe?"

"Siyo! Ni baharini. Baba, hujui?"

"Sikujua," nikamwambia.

Akasogeza kigoda karibu na changu, akaanza kunihadithia tangu kengele ya asubuhi, nani alikaa wapi, nani alicheka, na mwalimu alikuwa amevaa nini. Nikamsikiliza mpaka ugali ukapoa.