Mdomo wa Bunduki ya Babu Ngurumo

Baba mkubwa aliingia karakanani kwangu bila hodi, akailaza bunduki juu ya meza kama analaza mtoto mchanga, kisha akaanza kuifungua shuka.

"Nataka karatasi, mwanangu," alisema. "Andika ilitengenezwa wapi, ina thamani gani, na kwamba Babu Ngurumo alipigana nayo vitani."

Kazi yangu ni kukagua silaha kuukuu za makumbusho na za watu wenye pesa za kuchezea. Ndugu nawakagulia bure, na ndugu ndio wanaonitia wazimu. Babu Ngurumo alikuwa babu yake baba mkubwa, na kwenye ukoo wetu hakuna sherehe inayokwisha bila kusimuliwa alivyowaangusha maadui ukingoni mwa mto. Karatasi nayo nilijua ni ya nini. Mwana wa pekee wa baba mkubwa, kaka yangu niliyekua naye, alifukuzwa jeshini kwa sababu aliamriwa kuwafyatulia watu risasi akakataa. Baba yake akamfukuza nyumbani pia. Sasa wazee walikuwa wanakutana kesho, na baba mkubwa alitaka kuwasomea maandishi yangu, kisha atangaze mbele yao kwamba mwoga yule si damu ya Ngurumo.

Moyo ulikataa. Lakini kazi ni kazi, nikavaa miwani.

Chini ya mtutu nilikuta mihuri ya kiwanda cha ng'ambo. Lilikuwa gobore la askari wa miguu, la kujazwa kwa mdomo: unamimina baruti, unatia risasi, unashindilia kwa fimbo. Yalitengenezwa kwa maelfu. Nikamwambia wazi kwamba thamani ya hili iko kwenye hadithi yake tu, chuma chenyewe si kitu.

"Hadithi tunayo," alijibu, akajiweka sawa kitini.

Mdomo wa mtutu ulikuwa umezibwa kwa kitambaa na nta. Nilipoanza kuubandua akanidaka mkono. "Hapo hapaguswi! Babu alikataza mpaka anakata roho."

"Basi na mimi sikagui. Chukua shuka lako, baba."

Alisonya, akaniachia. Nilizibua, nikaingiza fimbo mpaka ikagota, nikaishika pale ilipoishia mdomoni, nikaitoa na kuilaza juu ya mtutu kwa nje. Ilipaswa kufika chini kabisa. Ilifika katikati tu. Humo ndani mlikuwa na kitu, tena kingi.

Niligeuka kuchukua tochi. Nikasikia chuma kikilia *kacha!*

Baba mkubwa alikuwa amesimama, kitako begani, nyundo ya bunduki imevutwa nyuma. Juu ya kichuchu, kile kichomozo kinachopigwa na nyundo, alikuwa ameketisha fataki mpya inayong'aa, kile kijikofia cha kuwashia baruti. Mtutu ulitazama ukuta wa mbao, na nyuma ya ukuta ule mama mshonaji alikuwa anaendesha cherehani yake.

"Fataki nimezinunua duka la wawindaji," alisema kwa furaha. "Haijawahi kulia tangu nizaliwe. Sikiliza!"

"Baba mkubwa. Toa kidole."

"Si tupu hii?"

"Haiko tupu. Imejaa. Toa kidole, nakuomba."

Akacheka, lakini kicheko kilimfia mdomoni aliponitazama usoni. Mikono ikaanza kumtetemeka, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana kidole kilikuwa bado palepale. Cherehani ilinyamaza, ikaendelea. Nilisogea hatua kwa hatua, nikapenyeza kidole gumba changu kati ya nyundo na fataki. "Sasa achia nyundo taratibu." Nyundo iliniuma mpaka damu ikatoka. Nikaing'oa ile fataki, nikamnyang'anya bunduki, na nikamtukana mzee wangu tusi ambalo sitaliandika hapa.

Alikaa.

Nilifungua kichuchu, nikamimina maji humo mpaka baruti ikawa uji. Kisha nikafunga parafujo kwenye ncha ya fimbo na kuvuta. Ikatoka risasi. Nyuma yake karatasi na baruti. Halafu risasi nyingine. Na nyingine. Zilipokwisha zilijaa kiganja.

"Maana yake nini?" aliuliza, ingawa nadhani alishaelewa.

"Aliyekuwa nayo alishindilia, hakufyatua. Akashindilia tena juu yake. Na tena."

"Labda ilimgomea."

Nilimwonyesha kichuchu kwenye mwanga. Fataki ikilipuka huacha weusi usiotoka. Hiki hakikuwa na doa. "Hakuweka fataki hata moja, baba. Mkubwa wake wa jeshi alikuwa nyuma anaangalia mikono, naye mikono aliichezesha ili aonekane anapigana. Ndiyo maana akauziba mdomo wa mtutu, siri isitoke."

"Usiandike hayo."

"Nitaandika nilichokiona. Ukitaka uongo, mtafute mwingine, mimi kidole kinaniuma."

Nilitegemea anifokee. Badala yake alizikusanya zile risasi, akazitazama muda mrefu, na machozi yakamtoka bila kujificha. "Mwanangu aliniambia mkono ulikataa," alisema. "Nikamwambia mkono wa ukoo wetu haukatai."

Kisha akaomba simu yangu, kwa sababu yake kaka haipokei. Kaka akapokea, akidhani ni mimi.

"Ni baba yako," mzee alisema, sauti imemkauka. "Babu Ngurumo... hakufyatua hata moja. Tumezikuta zote ndani."

Simu ilikuwa kwenye spika.

"Kwa hiyo," kaka akauliza, polepole, "kama angefyatua, mimi ningebaki nje?"

Hasira yangu yote iliisha, nikabaki na huruma kwa wote wawili. Baba mkubwa alitazama bunduki pale mezani, akatazama damu kidoleni mwangu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia akisema ukweli unaomuaibisha.

"Ndiyo," alisema. "Ungebaki nje. Nisamehe."