Mishahara Miwili, Chumba Kimoja

Bi Mvuke na bintiye walilala chumba kimoja, wakatoka mlango mmoja asubuhi, wakaingia lango moja la kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali na hoteli, na hakuna aliyejua mwenzake analipwa kiasi gani. Jina la Bi Mvuke alipewa na wenzake kazini, kwa kuwa ndiye aliyeshika mashine ya kupigia pasi ya mvuke tangu binti huyo angali wa kubebwa mgongoni. Binti mwenyewe aliajiriwa juzijuzi tu, akawekwa upande wa kukunja. Siku ya kutia saini mkataba, meneja alimwekea kidole kwenye mstari mmoja: atakayemtajia mwenzake mshahara wake, kazi hana. Nyumbani mama akayarudia yale yale. Mshahara, alisema, ni kama nguo ya ndani, hauanikwi njiani.

Wakaishi hivyo, mama akilipa kodi, binti akinunua unga, mafuta na gesi. Shida ilianza binti alipokichoka chumba. Ukuta wa upande wa kitanda ulikuwa ukitoa maji, na kifua cha mama hakikutulia. Binti akapata vyumba viwili mtaa wa pili, vyenye madirisha, akataka wachange nusu kwa nusu. Mama akasema wangoje kidogo. Mwezi ukaisha, akasema wangoje tena. Binti akaanza kuwaza mabaya. Huenda kaka yake, yule asiyeonekana ila akiwa na shida, bado alikuwa anamkamua mama kwa siri. Siku moja ya mapumziko, mama akichambua mchele, uvumilivu ukamwishia.

"Mama, mimi niliyekuja jana nusu yangu ninayo. Wewe mkongwe unashindwaje?"

Akautaja mshahara wake wote, bila kupunguza.

Mkono wa mama ukasimama ndani ya ungo. Akamwomba arudie, na binti akarudia. Mama akaendelea kuchambua, akitupa punje nzima pamoja na mawe, mpaka binti akamshika mkono.

"Wangu hauufikii huo," mama alisema. "Hata haukaribii."

Alimsihi ayaache hapohapo. Alimweleza kwamba hakuna anayeajiri wanawake wa umri wake, kwamba meneja si mtu wa kuchokozwa, akamwuliza wao wawili wakifukuzwa pamoja watakula nini. Binti alisikiliza, akaitikia, na kesho yake kwenye meza ya kukunja, shuka likiwa mikononi, akawatajia wenzake mshahara wake kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Akawauliza na wao. Kwanza walijifanya hawakusikia. Kisha mmoja akataja wake, na aliyekuwa mbele yake akataja wake, ikawa hivyo mpaka mwisho wa meza. Kumbe wote walioingia karibuni, wakati kiwanda kilipohangaika kutafuta watu, walikuwa wanawazidi wale waliowafundisha kazi. Mwanamke mmoja wa siku nyingi aliliweka shuka chini akaenda chooni, akakaa huko.

Habari hazikuchelewa kumfikia meneja. Binti aliitwa ofisini, na baada yake akaitwa mama. Meneja hakuwa mkali. Alimvutia Bi Mvuke kiti, akamwuliza kuhusu kifua chake, kisha akamwuliza kama ni kweli kwamba binti ndiye aliyeanza mazungumzo yale, na kama na yeye mama alikuwamo. Binti alikuwa amesimama palepale, mgongo ukutani.

"Mimi simo," alisema Bi Mvuke. "Nimemkanya siku zote, hasikii."

Hakumtazama bintiye. Binti alifukuzwa siku hiyohiyo, na kwenye barua wakaandika kwamba alimtukana msimamizi. Mwisho wa mwezi mama akakuta mshahara wake umepanda. Meneja akampitia kwenye mashine na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba hiyo ni shukrani, isimtoke mdomoni. Bi Mvuke akaitikia kwa kichwa. Alirudi nyumbani na samaki, na binti alipouliza pesa imetoka wapi, akajibu kwamba alikopeshwa.

Binti hakukubali kuonewa. Alikwenda ofisi ya serikali inayoshughulikia mambo ya kazi, akapokewa na ofisa aliyemsikiliza mpaka mwisho. Ofisa alimwambia kwamba sheria inamruhusu mfanyakazi kuzungumza na wenzake kuhusu malipo yake, na ule mstari wa mkataba hauna nguvu yoyote. Lakini barua inasema matusi. Angehitaji mtu aliyeona na kusikia. Binti akawazungukia wenzake wa mezani nyumba hadi nyumba. Mmoja alimfungulia nusu ya mlango. Mwingine alilia, akasema ana watoto. Mama hakuombwa. Alingoja aombwe, kila jioni alingoja, na binti akala, akaosha sahani, akajifunika akielekea ukutani.

Mwishowe Bi Mvuke akasema mwenyewe kwamba atakwenda.

"Kusema nini?" binti aliuliza. "Wewe ulishasema."

Ndipo mama akatoa yote, nyongeza ile, samaki wale, na maneno ya meneja pale kwenye mashine. Binti alimsikiliza huku amekaa ukingoni mwa kitanda. Alipomaliza, binti aliinuka akatoka nje, akazunguka mtaa mzima, na aliporudi alitandika mkeka wake chini, mbali na kitanda cha mama.

Bi Mvuke alikwenda. Mbele ya ofisa wa kazi na meneja mwenyewe alieleza alichosikia ofisini siku ile, kwamba kilichoulizwa ni mazungumzo ya mishahara tu, na tusi halikutajwa hata moja. Alieleza pia aliyosema yeye, kisha akaomba maji. Kiwanda kikaambiwa kimlipe binti haki zake na kiufute ule mstari kwenye mikataba yote. Kazi yake hakurudishiwa, na wala hakuitaka.

Mama hakufukuzwa. Alihamishiwa chumba cha kupokea mashuka machafu ya hospitali, ambako mtu anachambua damu na matapishi kwa glavu zilizotoboka, na nyongeza yake ikaondolewa kwa maelezo kwamba kazi ile ni ya daraja la chini. Wakongwe wa meza ya kukunja walikwenda kwa meneja wakiwa wote pamoja, wakaongezwa mshahara. Walipokutana na Bi Mvuke langoni walimsalimia kwa heshima, wakapita haraka.

Binti alichukua pesa yake akapanga chumba kingine, peke yake. Mama alipougua, akashindwa hata kuinua kikombe, jirani alimpigia binti simu. Alikuja. Alimpikia uji, akambadilishia shuka, akaufungua mlango hewa iingie, akamngoja ameze dawa. Hakusema kwamba amesamehe, na mama hakuuliza. Kabla jua halijazama alimwambia, "Haya mama, pumzika," akachukua mkoba wake, akaondoka.