Gauni la Wifi Mwanajuma

Zabibu alikuwa na roho ya kuku aliyewahi kuponyoka kucha za mwewe. Mbwa akibweka, mwizi. Simu ikiita alfajiri, msiba. Na mwaka huu tusimwonee jamani, sababu alikuwa nayo. Bintiye Siti alikuwa anaolewa baada ya mavuno, na Zabibu, mjane asiye na ng'ombe wala duka, alikwisha kuwatangazia wakwe wa Ikwiriri kwamba pilau ya harusi itapikwa kwa mchele wa shamba lake mwenyewe, huku bondeni Mohoro. Masuke ya mpunga yalikuwa yameanza kuinama. Kweleakwelea nao habari hizo walikuwa nazo.

Basi tangu mwezi uandame alikuwa amehamia shambani, juu ya dungu, kibanda kilichoinuliwa kwa nguzo ndefu, akiamia ndege wasile mpunga. Na wa kumsaidia, katika viumbe vyote alivyoumba Mungu, akapewa wifi yake Mwanajuma, dada wa marehemu mumewe.

Loo, Mwanajuma! Huyo hata ungemfungia stoo angepiga soga na magunia. Akipiga ukelele mmoja, ndege wa mashamba matatu wanaruka. Lakini kutulia sasa! Akikaa na mtu mmoja saa nzima, mwili unamwasha. Atashuka ngazi, atakwenda dungu la Ismaily kumjulia hali, atapita kwa Maimuna kuonja mboga, na atarudi jua la utosi na muhogo wa kupewa.

"Wifi, tumekuja kuamia au kuamkia watu?" Zabibu humuuliza.

"Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota."

"Utaokota mamba wewe."

Asubuhi moja Mwanajuma akaaga tena, anakwenda kwa Hemedy mwenye sola akachaji simu.

"Na ndege wakija?" Zabibu alimaka. "Sauti yangu unaijua, haivuki hata jikoni kwangu!"

Kweli haikuvuka. Akitaka kupaza sauti huona ulimwengu mzima umegeuka kumtazama, basi huishia kunong'ona.

"Usihangaike, wifi. Nimekuwekea mwenzangu pale ukingoni mwa kijito, atakulindia," alisema Mwanajuma akishuka. Zabibu alikuwa amekwisha kumpa mgongo kwa hasira. Hakusikia hata nusu, wala hakutazama mwenziwe amevaa nini.

Dakika ishirini hazikupita, wingu la kweleakwelea likaja kutoka upande wa mto. Zabibu akagonga debe. Akasema "Swaa! Swaa!" kama anayemfukuza paka wa mkwe. Ndege wakatua, wakaanza kula. Hawajameza punje ya kumi, Zabibu alikwisha kuona yote: sufuria tupu, Siti analia, wakwe wanakonyezana. Akashika ngazi ashuke akawatimue kwa mikono.

Ndipo jicho lake likaenda kijitoni. Gauni jekundu la Mwanajuma, lile la maua, lilikuwa linaelea kifudifudi, mikono imetanda.

Wallahi, hakuwaza mpunga. Hakuwaza pilau wala Siti.

"Mwanajumaaa! Jamani, wifi yangu! Mamba, jamaniii!"

Sauti iliyotoka hata mwenyewe hakuijua. Ndege waliinuka kwa mkupuo mmoja. Naye huyoo, mwanamke anayeogopa dimbwi la njiani, akajitupa kijitoni mpaka kiunoni.

Watu wakamiminika kutoka kila dungu. Ismaily na panga, Maimuna na mwiko, wengine wanagonga madebe, wote wanakata katikati ya mpunga wakipiga mayowe. Kweleakwelea wakaona huku hakukaliki, wakavuka ng'ambo. Hata watu ambao Zabibu hajawahi kuwasalimia walikuwa wanalia, "Mwanajuma wetu! Mwanajuma wetu!"

Zabibu akalivuta gauni. Yakatoka majani makavu, kisha fimbo mbili, na mwisho kibuyu kilichochorwa macho.

"Mnamlilia nani?" Mwanajuma aliuliza nyuma yao, simu mkononi, shavu limejaa muhogo.

Kicheko kilichoanguka hapo! Kumbe alfajiri Mwanajuma alisimamisha sanamu ya kutishia ndege, akaivika gauni lake, na upepo ukaiangusha majini. Mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini.

"Yaani wifi, umewaachia ndege mpunga, umekuja kuniopoa mimi? Na harusi je?"

Zabibu alikuwa amelowa, maji yanamchuruzika, amekikumbatia kibuyu. Aibu na hasira na furaha vilikuwa vimempanda pamoja.

"Mpunga hupandwa tena," alisema, na sauti yake ilikuwa imerudi ndogo kama kawaida. "Wewe nitakupanda wapi?"

Mwanajuma akaacha kucheka. Akamshika wifi yake mkono, wakapanda dungu pamoja, na kutwa nzima hakushuka wala hakusema neno, isipokuwa kuwapigia ndege ukelele.

Kufika alasiri, Zabibu roho ikaanza kumwenda mbio. Alikuwa na hakika wifi yake anaumwa.