Mlezi wa Protini G

Msichana tuliyembandika jina Daktari Kesho alikuwa ameinamia meza ya maabara ambako mimi ni fundi, macho mekundu kama kamenya gunia zima la vitunguu.

"Dada Fundi, saa sita profesa anazitupa seli zangu. Nabadilishiwa mada, naanza upya."

"Mdogo wangu, mimi nimefukuzwa kazi mara tatu na mashavu bado ninayo. Hebu nieleze."

Protini G hukaa kwa ndani, imeegemea utando wa seli. Ujumbe ukibisha nje, yenyewe ndiyo huupokea kutoka kwa protini ya mlangoni na kuupeleka ndani. Seli za majaribio zikisikia, huwaka kijani. Zake, miezi saba, giza. Kila wiki alizidi kuzipa jeni ya kutengenezea protini G.

"Leo nimepima," akasema. "Jeni imejaa tele, protini yenyewe hamna!"

"Ulianza na kichupa kipi?"

"Kimoja kisichoandikwa kitu. Nikajua ni seli za kawaida."

Hapa kwetu majina huandikwa kwa wino juu ya kifuniko, na mimi, kwa usafi wangu wa kujionyesha, nilivipangusa vifuniko vyote kwa spiriti. Nikafungua daftari la jokofu. Safu ya tatu, tundu la saba, alikokitoa kichupa chake: seli zilizoondolewa protini mlezi.

Nikamshika mkono hadi kwa profesa. Nilijua nikifungua mdomo naweza kufukuzwa mara ya nne. Nikaufungua.

Profesa aliniangalia, akaangalia daftari, akasahau kunigombeza.

"Zirudishieni seli huyo mlezi," akasema. "Nawapa siku tatu."

Nitakwambia kwa nini namheshimu huyo mlezi. Mlangoni hayupo, ujumbe habebi. Protini G ikitoka kutengenezwa, bado imelegea kama kitoto cha jana, yeye huidaka, huishikilia mpaka ijikunje na kukaa sawa, kisha huiachia ikafanye kazi. Asipokuwepo, seli huikatakata kama takataka. Ndiyo maana msichana alimimina jeni miezi saba bila kuvuna kitu. Watoto walizaliwa kila siku, wa kuwapokea hakuna.

Siku ya tatu, profesa alituwahi kwenye darubini. Msichana akadondoshea seli ujumbe. Tukangoja. Kiyoyozi kikanguruma. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu vitu vyangu kabatini.

"Aisee," profesa akanong'ona. "Zinawaka. Zote hizi!"

"Na zile zisizo na mlezi?" msichana akauliza.

Profesa akabadilisha sahani. "Giza. Binti, unaona ulichokishika? Ile miezi saba hukuipoteza. Ni nusu ya jibu lako. Hakuna wa kukubadilishia mada."

Akabaki ameng'ang'ania darubini, anacheka peke yake.

"Profesa, shikamoo," msichana akasema, akimsukuma kwa kiwiko. "Sogea kidogo, na mimi nizione seli zangu."