Maswali Ishirini ya Kukaa Kwangu

Mwanangu wa kwanza ni meneja wa ghala, na hata akirudi nyumbani umeneja haumtoki. Ndiyo maana tunamwita Meneja, kuanzia mkewe mpaka mimi niliyemzaa. Wafanyakazi wake huwapima kila baada ya miezi michache, nani kafikia lengo na nani kabaki nyuma, kisha anawapa alama. Siku alipoamua kunipima mimi, alitumia njia hiyohiyo.

Chanzo kilikuwa sufuria. Nilibandika maharage, nikaingia chumba cha kushonea kumalizia upindo wa pazia, nikasahau. Nilikumbuka moshi uliponifikia kwenye cherehani. Sufuria iliungua, ukuta wa jikoni ukaingia weusi, basi, hakuna aliyekufa. Lakini jirani yangu hawezi kukaa na neno. Kabla sijamaliza kufungua madirisha Meneja alishafika, na nyuma yake binti yangu kitinda mimba, muuguzi, akiwa bado na sare za kazini. Wakasimama jikoni kwangu wakinusanusa kama wakaguzi.

"Mama, hii ni mara ya pili," Meneja akasema.

"Ya kwanza ilikuwa chai tu."

"Chai nayo ilikuwa juu ya moto, Mama."

Hapo nikajua walishakula njama, maana maneno yalitoka yakiwa yamepangwa. Kwake kuna chumba cha wageni, kina kitanda na kabati. Mkewe hana neno. Nyumba yangu itapangishwa. Na cherehani je? Meneja akakohoa. Kule ghorofani kelele zitasumbua majirani, labda tutampa mtu. Alisema "tutampa" kana kwamba na yeye aliwahi kuikanyaga.

Nilikasirika. Nimeshona mapazia katika nyumba hii tangu baba yao yu hai, na alipotangulia, mapazia hayohayo ndiyo yaliyowavalisha sare za shule. Nikamtolea uvivu. Nikamwambia kichwa changu ni kizima kuliko chake, na kama anabisha alete ushahidi. Sikupaswa kusema hivyo. Ukimwambia meneja alete ushahidi, atakuletea kipimo.

Siku iliyofuata alinitumia shindano la chemsha bongo kwenye simu. Linachezwa mtandaoni kila Jumamosi saa nne asubuhi, maelfu ya watu kwa pamoja, kila mmoja na simu yake. Maswali ishirini ya maarifa ya jumla, majibu manne kwa kila swali, sekunde kumi za kuchagua. Tungecheza sote watatu. Nikipata nusu au zaidi, suala la kuhama linazikwa. Nikipungukiwa, nafunga virago.

"Nimekubali," nikamwambia kwenye simu, kabla hajamaliza kueleza.

Binti yangu aliposikia alikuja mwenyewe. "Mama, si lazima ufanye hivi."

"Ni lazima. Na umwambie kaka yako asije akachungulia majibu."

Wiki ile nilisoma kuliko nilivyosoma nikiwa na viatu vya shule. Kulikuwa na maswali ya mazoezi, nikawa nayafanya huku nimekanyaga cherehani. Mteja mmoja alikuja kuchukua mapazia ya sebuleni, nikampa mapazia pamoja na majina ya bahari zote, akaniangalia kama nimeota pembe. Siku nyingine nilivuka nusu, siku nyingine nilianguka kabla ya kufika. Hizo za kuanguka sikumwambia mtu.

Jumamosi wakaja. Nikawaweka sebuleni kwangu, Meneja kwenye kochi, dada yake kwenye kiti cha plastiki, mimi nimeegemea meza ya kukatia vitambaa. Shindano lilitaka kila mtu jina la kuchezea. Mimi nikajiita Bibi Mkasi. Meneja akajiita Bosi, nani angeshangaa. Dada yake akajiita Sindano.

Nilianza vizuri, tena vizuri sana. Mji mkuu wa Australia? Nikabonyeza Canberra bila kupepesa macho. Kwenye kochi nikasikia mtu akifyonya, na nikajua kabonyeza Sydney. Sayari kubwa kuliko zote? Mshtarii, nikapata. Kiungo kikubwa kuliko vyote katika mwili wa binadamu? Ngozi, nikapata. Muuguzi wangu akapiga kelele, "Aa! Nimeweka ini!" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na nusura swali lililofuata linipite.

Kisha kidole kikanigomea. Kidole gumba changu kimekomaa kwa sindano, ngozi yake ni ngumu kama soli, na simu wakati mwingine haikisikii. Nilibonyeza jibu sahihi, nikabonyeza tena, nikakandamiza kwa nguvu, muda ukaisha. Nikahamia kidole cha kati na kuendelea. Sikisingizii kidole, maana kidole kilinikosesha swali moja tu.

Swali lililonimaliza lilikuwa la watoto wa chekechea. Ukichanganya rangi ya bluu na ya njano, unapata rangi gani?

Mimi nimeishi na rangi. Mteja akinipigia simu akisema anataka pazia la rangi ya majani makavu, naenda dukani na kurudi na kitambaa hichohicho alichokuwa nacho kichwani. Lakini yale maneno manne yalikaa pale kwenye kioo yakinitazama, nami nikayatazama, na hakuna hata moja lililoniambia kitu. Nilijua bluu ni nini. Nilijua njano ni nini. Niliziweka pamoja kichwani na hapakutokea kitu chochote, patupu kabisa. Muda ukaisha, neno "kijani" likawaka, na ndipo likanirudia kama kawaida, kana kwamba halikwenda popote.

Niliogopa. Niliogopa kweli, na maswali yaliyobaki niliyajibu kwa woga badala ya akili.

Mwisho majina yakapangwa. Bosi kumi na tatu, Sindano kumi na moja, Bibi Mkasi tisa.

Meneja hakushangilia, nampa haki yake. Aliiweka simu kifudifudi juu ya goti, akasema kwa sauti ya chini, "Tisa, Mama."

"Nimeona. Macho bado ninayo."

"Basi nitaleta gari kesho. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana," nikasema. "Nimeshindwa, sibishi. Na siendi."

Wakaniangalia wote wawili.

"Mama, uliahidi."

"Ahadi naivunja. Niandikie alama mbaya."

"Si hivyo, Mama..."

"Ni hivyohivyo. Wewe umekosa maswali saba. Nani anakuja na gari kukuhamisha? Dada yako hapa amekosa swali la mwili wa binadamu, na kesho ataingia wodini na hakuna atakayemzuia mlangoni. Mimi peke yangu ndiye ninayelala kwangu kwa kufaulu mtihani?"

Binti yangu aliziba mdomo kwa kiganja. Sijui alikuwa akicheka au akilia.

"Sisi hatuachi sufuria motoni," Meneja akasema.

Hilo lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli, na kweli sikuikimbia. Nikavuta kiti nikakaa mbele yake.

"Sawa. Nasahau. Hapa hapa mbele yenu rangi ya kijani imenitoka kichwani, na nimeogopa kuliko nilivyoogopa siku baba yenu alipolazwa. Mnanisikia? Sikatai. Lakini nisikilizeni na mimi. Nilipolala kwako mara ya mwisho niliamka kwenda msalani, nikafungua kabati la nguo. Nilisimama nikipapasa ukuta wa watu nikitafuta swichi, mpaka mkeo akanishika mkono kama kipofu. Humu sipapasi. Humu mkono unajua kitasa kilipo, unajua mkasi ulipo, na mguu unajua ngazi ya mlango wa nyuma ni fupi. Kichwa kikikataa, mikono inanibeba. Na ninyi mnataka kunitoa mahali pekee ambapo mikono inakumbuka, mnipeleke mahali ambapo hata mikono itakuwa migeni. Kama ni kusahau, nitasahau humu."

Meneja akainamisha kichwa. Nikaona niendelee kabla hawajapata maneno.

"Mnataka kunisaidia, nisaidieni. Wewe, niletee jiko la umeme linalojizima lenyewe. Na wewe, nipeleke hospitali nikapimwe na daktari, kama watu wanavyopimwa, si kwa kuulizwa sayari. Nitakwenda kwa miguu yangu. Lolote atakalosema nitalisikia. Kisha nitarudi hapa kumalizia mapazia ya watu."

"Nitakupeleka, Mama," binti yangu akasema upesi. "Jumatatu."

Meneja alikuwa bado ameinama. Nilidhani anatafuta kipimo kingine, nikajiandaa. Alipoinua uso macho yake yalikuwa mekundu, na sauti iliyotoka haikuwa ya ghalani.

"Na siku ukinisahau mimi?"

Kumbe ndicho alichokuwa nacho muda wote, chini ya sufuria, chini ya chumba cha wageni na shindano lake. Hasira yangu ikayeyuka, lakini sikurudi nyuma hata hatua moja. Nilimshika mkono, mkono mkubwa wa mtu mzima, nikaufunga ndani ya yangu yote miwili.

"Siku hiyo utabisha hodi," nikamwambia. "Utaniambia wewe ni nani, mtoto wa nani, nami nitakukaribisha ndani kama mgeni wa heshima. Lakini utabisha kwenye mlango wangu."