Neno la Kwanza la Kiragu

Wacha niseme ukweli mwenyewe, kwa sababu watu wa ploti yetu wamekwisha kuusema kwa njia yao. Nilimwonea wivu msichana wangu wa kazi. Na si wivu wa bwana, hapana. Bwana wangu Zacchaeus anaendesha lori, mwezi mzima yuko barabarani. Wivu wangu ulikuwa wa mtoto, mtoto niliyemzaa mimi.

Mtoto ni Kiragu, miaka minne na miezi miwili, na hadi Machi mwaka huu alikuwa hajasema neno hata moja. Masikio yalipimwa, yako sawa. Mimi ni Shiku, mzaliwa wa Nyeri, lakini hapa Kisumu ni Mama Kiragu tu. Nimekaa Manyatta miaka tisa na nauza vyombo vya plastiki pale sokoni Mamboleo: beseni, jagi, ndoo, rangi utakayo. Kutwa nasikia wanawake wakiitwa na watoto wao, mama nipe hii, mama twende. Nilitaka neno hilo moja. Sikuomba hadithi wala wimbo, niliomba mama.

Msichana anaitwa Apiyo, mtu wa Kombewa, miaka ishirini na mitatu, mpole mpaka anaudhi. Kwa kuwa Alhamisi ni siku ya wateja wengi, yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka Kiragu kwa Madam Elsie, mtaalamu anayefundisha watoto kuongea. Jioni ananiletea habari. Leo ameketi dakika ishirini. Leo amepuliza mapovu. Leo amemtazama Madam machoni. Mimi najibu vizuri, asante, na huku roho inaniuma. Machoni? Mimi hunipa jicho moja la haraka, kisha anageukia ukuta.

Alhamisi ya nne nikafunga kibanda, nikampeleka mwenyewe. Nilimvalisha shati jipya la kola na viatu vya kamba, nikampaka mafuta ya kunukia mpaka akang'aa. Nilitaka waone mtoto huyu ana mama. Tulipofika, Madam Elsie alivuta beseni la maji, akasema Kiragu huanza kwa kuyachezea kidogo, mwili utulie, ndipo kazi ya mdomo ifuate. Alisema Apiyo ndiye aliyemfundisha yeye Madam hilo. Basi hapo ndipo alipoharibu. Nikamwambia leo hapana, shati ni jipya, na sikumleta hapa kuoga.

Nikamkalisha kitini, nikamshika kidevu. "Sema mama. Ma-ma." Akavuta kola. Akaziba masikio, maana feni ilikuwa inalia juu. Akarusha kiatu kimoja, akaingia chini ya meza, na nilipomvuta mguu akaniuma mkono mpaka alama za meno zikabaki.

"Ana tabia mbaya," nikasema, aibu imenijaa.

"Si tabia mbaya, Mama Kiragu," akasema Madam. "Kola inamkwaruza, feni inampigia kelele, mafuta yanamnukia sana, na wewe umemshika uso. Yote hayo anayasikia kwa pamoja, na kwa nguvu kuliko mimi na wewe. Mtoto akishajaa namna hiyo hana nafasi ya neno. Amekuuma kwa sababu hiyo ndiyo njia aliyobaki nayo ya kukwambia acha."

Kisha akauliza, bila ubaya wowote, akiokota kiatu: "Apiyo yuko wapi leo?"

Nilirudi nyumbani na mtoto mgongoni, nikiwa nimekasirika na dunia nzima.

Jumamosi jioni, niko sebuleni napanga mali, Kiragu alitoka chumbani peku, hana shati, akasimama karibu na mlango wa bafu ambapo Apiyo alikuwa akifua. Akanyoosha mkono. Mdomo ukajikaza, ukafunguka.

"Pi," akasema.

Jagi liliniponyoka. Akarudia, wazi kabisa, "Pi." Na Apiyo akainuka na mikono yenye povu, anacheka na machozi yanamtoka, anamwambia kwa Kijaluo, bi, wuoda, njoo mwanangu.

Mwanangu. Na mimi ni nani basi? Niliketi pale na jambo moja tu kichwani: neno la kwanza la mtoto wangu ni jina la msichana wa kazi. Pi, Apiyo. Miezi tisa tumboni, kutwa nzima ya uchungu, mkasi wa daktari, na leo anamwita Apiyo. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wanasema pia kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na siku hiyo methali hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa ikinizomea.

"Mama Kiragu," Apiyo akaanza, "umesikia? Huyu mtoto anataka—"

"Nimesikia," nikamkata. "Nina masikio."

"Lakini anasema—"

"Najua anachosema. Kesho nenda Kombewa, ukapumzike kwenu. Nitakuita."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi. Hakubishana, si mtu wa kubishana. Asubuhi ya Jumapili alifunga mkoba wake, na Kiragu akabaki amelala. Sikumwamsha waagane. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, na nikajiona mjanja.

Jumatatu nikaenda na mtoto kazini. Mamboleo na kelele zake, honi, makanga, spika ya mhubiri, na yeye amejibana katikati ya ndoo, mikono masikioni. Saa nne hivi akatoa beseni kubwa la buluu kwenye rundo, akaliweka chini, akaingia ndani akaketi. Akaniangalia mimi. Kweli aliniangalia. "Pi," akasema.

"Apiyo hayuko," nikamwambia. "Sema mama."

"Pi."

"Hayuko, Kiragu. Mama ndiye yuko."

Mteja alikuwa anataka beseni lile lile, nikamtoa mtoto ndani nikaliuza. Alijigonga kichwa kwenye meza yangu mara tatu kabla sijamshika.

Ikawa hivyo Jumatatu na Jumanne, kibandani na nyumbani. Jioni nilimwogesha wima, haraka haraka, kama ninavyosugua sufuria, nikamkausha, na yeye akarudi kusimama mlangoni mwa bafu. Pi. Ameenda. Pi. Sema mama. Pi. Nilikwambia ameenda. Alijiuma mkono wake mwenyewe, na mimi nikaumia, lakini sikulegea. Nilifikiri jina likikosa mwenyewe litaisha, na mahali pake litaingia langu.

Lilikwisha kweli. Jumatano alifika mlangoni mwa bafu, akafungua mdomo, akaufunga. Hakusema tena. Siku nzima hakutoa hata ile sauti yake ya kuvuma puani. Hapo ndipo hofu ilipoingia, kwa sababu kimya hicho nilikuwa nakijua kwa miaka minne, na sasa nilikuwa nimekirudisha mimi.

Alhamisi nikaenda kwa Madam Elsie bila kola, bila viatu vya kamba. Feni ilikuwa imezimwa. Kiragu alilala sakafuni, uso umeelekea ukutani, na mapovu hayakumgeuza.

"Wiki moja tu," Madam akasema. "Kumetokea nini?"

Nikamwaga yote. Nilimwambia mtoto amesema, ndiyo, lakini alichosema ni jina la msichana wa kazi, kwa hiyo nimemwondoa msichana ili mtoto ajue mama yake ni nani. Nilisema hata kuhusu wivu. Niliona afadhali aniseme yeye kuliko kujisema mwenyewe kila usiku.

Madam Elsie hakunisema. Aliuliza: "Jina alilitamkaje?"

"Pi."

"Akiwa wapi?"

"Mlangoni mwa bafu. Na siku moja kibandani, ndani ya beseni."

Alilitazama beseni lake lililokuwa pale kando, kisha akanitazama mimi, na nikaona anatafuta namna ya kunionea huruma. "Mama Kiragu, yule mtu wa mkokoteni anayeuza maji huko kwenu Manyatta, akipita asubuhi anaitaje?"

Nilikuwa nimekwisha kumsikia mtu huyo kichwani. Miaka tisa anapita mlangoni kwangu na mitungi yake ya manjano, anaita pi, pi, na mimi natoka na ndoo namwita kwa neno hilo hilo. Pi ni maji. Si kwamba sikujua Kijaluo hicho kidogo. Hata mtoto wa jana hapa Kisumu anakijua. Nilikuwa nalijua neno na sikulisikia, kwa sababu nilikuwa nasikiliza jina.

Mwanangu alikuwa ananiomba maji. Mara ya kwanza katika maisha yake aliomba kitu kwa mdomo, na baada ya Apiyo kuondoka aliniomba mimi, mimi mwenyewe, akiniangalia machoni. Na mimi nikamwambia hayuko.

"Amejifunza kwamba neno halifanyi kazi," Madam akasema polepole. "Itabidi tumfundishe upya kwamba linafanya."

Nilimpigia Apiyo simu pale pale nje ya kliniki. Nilitaka kuomba msamaha kwa ustaarabu, nikaishia kulia. Alisema atakuja Jumamosi. Kisha akasema, "Leo jaza beseni mpaka nusu. Maji yawe vuguvugu. Mmwagie mgongoni na kikombe, umkande mabega kwa nguvu kidogo. Na Mama Kiragu, usimwambie aseme kitu."

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonishinda zaidi. Nilikaa chini bafuni, nikamwaga kikombe baada ya kikombe, na neno mama limenikaa kooni. Mkamia maji hayanywi. Nilisema pi kila nilipomwaga, hilo tu. Mabega yake yalishuka taratibu chini ya mikono yangu, lakini mdomo wake ulibaki umefungwa.

Ulifungwa wiki tatu. Apiyo alirudi, akaingia kazini kana kwamba hakuna lililotokea, na kila siku, kabla mtoto hajafika mlangoni mwa bafu, mmoja wetu alikuwa amekwisha kusema pi na kumfungulia.

Jumanne moja niko Mamboleo, mteja amenishikia ndoo mbili anapiga bei, simu ikalia. Ni Apiyo. Nyuma yake nilisikia sauti ndogo, ya kukwaruza, ikirudia neno lile. Pi. Pi. Pi.

"Mama Kiragu, unasikia?"

Nilisikia. Na wivu ukaja, sitasema uongo, kama siku ile ya kwanza, kwamba amesema na mimi siko, kwamba amemwambia yeye. Nikageuka nisionekane na mteja.

"Nasikia," nikasema. "Sasa unaniambia mimi ya nini? Mpe maji, Apiyo. Mpe haraka, asingoje."