Pampu ya Kona ya Kondoo

Siku hiyo mjinga alikuwa Sitati, na mwenyewe hakatai. Asubuhi aliuza pampu mbovu ya maji ya gari lake kwa mtu wa vyuma chakavu aliyepita Kaptembwo na mkokoteni, na saa nne akaenda mjini kununua pampu mpya, mikono mitupu. Nakuru nzima inajua spea hainunuliwi hivyo. Unaifunga ile mbovu kwenye gazeti, unaibwaga kaunta, mwenye duka anaweka mpya kando yake, halafu mnahesabu matundu ya bolti pamoja kama watu wanaokagua meno ya mbuzi. Tena unakwenda na fundi wako. Sitati hakwenda na fundi kwa sababu fundi huwa na chake kwa mwenye duka, na yeye siku hiyo alikuwa ameamua kuwa mjanja.

Gari lenyewe lilikuwa Pijo 504, stesheni wagoni, kongwe kuliko ndoa yake. Lilishusha viazi kutoka Mau Narok kila asubuhi, na vibanda vya chipsi vya mjini vilikuwa na sharti moja tu: viazi vifike kabla ya saa mbili, la sivyo kuna mwingine. Sitati hakuwa na kazi ya pili wala gari la pili.

Dukani alimkuta Jerry, kijana mwenye kofia na maneno.

"Niaje boss. Pampu ya gari gani?"

"Pijo. Faivu-o-foo."

"Shingo fupi ama shingo ndefu?"

Sitati alitazama dari. "Ile ya kawaida."

"Hizo za kawaida zinapendwa sana na watu wa kawaida," Jerry akasema, akashusha boksi.

Pampu ilikuwa nzito kuliko inavyostahili. Sitati aliizungusha puli kwa kidole, ikazunguka bila kukwaruza. Akauliza imetoka wapi.

"Imetoka kwa boksi, boss."

Fundi wake alikuwa Nakhumicha, mwenye gereji ya wazi kule Bondeni. Ndiye aliyeifungua ile pampu mbovu na kumkabidhi mkononi, akimwambia asiipoteze. Alipoisikia habari ya mkokoteni aliweka spana chini ili acheke vizuri.

"Baba Natasha! Umeuza sampuli?"

"Nimeuza."

"Basi tufunge hii ya kubahatisha."

Matundu matano yalilingana, la sita alilipanua kwa tupa. Alikwangua gasketi ya zamani kwa wembe mpaka chuma kikang'aa, akalaza karatasi nene juu ya pampu na kuigongagonga ukingoni kwa nyundo ndogo, gasketi mpya ikajikata yenyewe kwa umbo lake. Bolti alizikaza kwa mkingamo, moja huku, moja kule. Kisha akawasha injini, akaacha rejeta wazi na kumimina maji polepole hadi hewa yote ikatoka ikibwabwaja. Mshale wa joto ukakaa katikati na kutulia.

Mwisho aliegemeza bisibisi ndefu kwenye pampu na kutega sikio kwenye mpini, kama mafundi wote wanavyosikiliza beringi.

"Inasema nini?" Sitati akauliza.

"Beringi ni nzima. Lakini ndani kuna upepo wa Mau, na kuna lori inapiga honi."

"Ni mbaya?"

"Honi ni ya mbali. Endesha tu."

Siku mbili gari lilikwenda vizuri kuliko lilivyowahi. Siku ya tatu, saa tisa mchana, likiwa limeegeshwa nje ya nyumba kule Kaptembwo, lilijiwasha na kuondoka. Immaculate, mke wa Sitati, alikuwa anaanika nguo. Aliliambia liangalie watoto barabarani, likapunguza mwendo. Sitati alipotoka chooni alikodi bodaboda na kulifuata.

Kwenye kizuizi cha polisi nje ya mji askari alilisimamisha, likasimama. Alichungulia dirishani, akaona hakuna dereva. Kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuombwa kitu, akaliruhusu lipite. Bodaboda ya Sitati iliyokuwa nyuma yake ilibeba watu wawili, kwa hiyo ilikaa pale dakika ishirini.

Sitati alilikuta gari juu, kwenye Kona ya Kondoo, mahali barabara ya Mau Narok inapopinda ghafla na bonde likafunguka chini. Lilikuwa limesimama sambamba na ukingo, magurudumu ya kushoto kwenye nyasi, taa za tahadhari zikiwaka na kuzima. Ukungu ulikuwa unashuka. Kando yake alikaa mama mmoja aliyeuza karoti na viazi kwa ndoo. Jina lake Jemutai.

"Ni yako?" akauliza.

"Ni yangu."

"Imekuja kazi."

Sitati hakuwa amemaliza kuuliza ni kazi gani. Lori la kabeji lilitokea ukunguni, likashindwa kukata kona, likateleza hadi kwenye ubavu wa Pijo na kusimama. Pijo halikusogea hata kidogo. Dereva wa lori alishuka, akakojoa, akalipigapiga Pijo mgongoni kama mtu anayemshukuru ng'ombe, akaondoka zake.

"Zamani hapa kulikuwa na vyuma," Jemutai akasema. "Zile za kuzuia magari. Tangu zitoke wameshuka huko chini watu kumi na mmoja. Kiprotich wangu ni wa saba."

Alisema hivyo akipanga karoti, kubwa juu, ndogo chini.

Gari lilikataa kuondoka mpaka ukungu ulipokwisha, saa nne asubuhi iliyofuata. Viazi vilifika mjini saa sita. Ikawa hivyo kila siku. Wiki ilipoisha, vibanda vitatu kati ya vitano vilikuwa vimepata mtu mwingine, na Immaculate alikuwa ameanza kupika viazi vilivyorudishwa, asubuhi na jioni.

Sitati alilipeleka Pijo Bondeni likiwa na kovu la lori. Nakhumicha akaifungua pampu na kuigeuza. Ndani ya chuma, pale maji yanapozunguka, kulikuwa na mistari ya rangi nyekundu na nyeupe, na kioo kidogo chekundu cha kumulika gizani. Alikifuta kwa kidole, kikammulika usoni.

"Baba Natasha, hii ni chuma ya kona. Imekumbuka kwao."

Wakaipeleka dukani. Ukutani palibandikwa tangazo kwamba mali ikishauzwa hairudi, na Jerry aliligonga kwa kalamu kabla hawajafungua mdomo. Halafu aliona kile kioo chekundu, akavua kofia.

"Boss, sikufichi. Zote ziko hivyo."

Akafungua maboksi tisa, moja baada ya jingine. Pampu tisa, mistari tisa, vioo tisa. Moja ilikuwa na ukungu ndani, akaifunga haraka isije ikalowesha rafu. Alieleza kwa sauti ya mtu anayetoa maelekezo ya njia. Zinatoka kwenye tanuri la Bwana Naftaly, hapo hapo Nakuru. Naftaly ndiye mkandarasi wa vyuma vya kona. Anavifunga, anapigiwa muhuri, Jumapili watu wakiwa kanisani vijana wake wanavifungua, vinaingia tanuri. Mwaka ukianza anapewa tena kandarasi ya kufunga.

"Na nyinyi mnajua?" Sitati akauliza.

"Kila mtu anajua, boss. Hata waliompa."

Hapo ndipo Sitati alipokasirika. Alikuwa mtu wa utani, na utani ulimtoka wote kwa mara moja, kama maji kwenye rejeta iliyopasuka. Alikasirikia muhuri, na Jumapili, na kanisa, na yule askari wa kizuizini. Alikasirikia mkono wake mwenyewe uliomkabidhi chuma mtu wa mkokoteni bila kuuliza kinakwenda wapi. Nakhumicha alimngoja amalize, kisha akairudisha pampu kwenye gari, maana Nakuru haikuwa na nyingine isiyotoka konani.

Sitati hakunyamaza. Alikwenda ofisi moja, akaelekezwa nyingine, akaandika barua kwa herufi kubwa. Barua ilisomwa, kwa sababu siku ya nne Naftaly mwenyewe alipanda Kona ya Kondoo saa kumi alasiri, akiwa na askari wawili, gari la kuvuta na faili. Sitati alikuwa ameketi kwenye boneti ya Pijo. Jemutai alikuwa na ndoo zake.

"Huyu ndiye," Naftaly akawaambia askari. "Ameandika mwenyewe kwa mkono wake. Ana vyuma vya serikali ndani ya injini. Huo ni wizi."

"Wizi?" Sitati akasema. "Mimi nimenunua pampu! Wewe ndiye unayeyeyusha!"

"Risiti iko?"

Risiti haikuwepo. Jerry hatoi risiti.

Wakafunga kebo ya gari la kuvuta kwenye Pijo. Lilivuta, likavuta tena, magurudumu yake ya nyuma yakachimba lami. Pijo lilikaa kama limemwagiwa zege. Kebo ikakatika, askari mmoja akaikunja vizuri na kuiweka kando.

"Haijalishi," Naftaly akasema. "Gari libaki kama ushahidi. Mwenyewe twende naye."

"Ngoja kwanza," Sitati akasema. "Kama nimeviiba, basi hapa havipo. Andika kwa faili yako kwamba havipo, halafu nifunge."

Naftaly alitabasamu. Alisogea mbele ya boneti, pale gari lilipoishia na uwazi ukaendelea, mita thelathini na zaidi za nyasi fupi. Akasimama ametazama barabara, bonde lote likiwa mgongoni mwake, akafungua faili.

"Ripoti ni ya mwezi huu. Kona ya Kondoo, mita arobaini, vimefungwa, vimekaguliwa, vimepigwa muhuri. Vyuma viko. Na wewe umeviiba. Ofisini mambo yote mawili yanawezekana."

"Watu kumi na mmoja!" Sitati akapiga kelele. "Kumi na mmoja, mzee! Walipita wapi kama vyuma viko?"

"Hao walikuwa wanaendesha vibaya. Mimi nazungumza habari ya vyuma. Vyuma viko."

Askari walitazama viatu vyao. Ukungu ulikuwa umefika magotini. Jemutai aliacha karoti, akainuka, akajipangusa mikono kwenye leso na kuja kusimama mbele ya Naftaly, karibu kama mtu anayetaka kusomewa barua.

"Ziko?" akauliza.

"Ziko, mathe. Muhuri huu hapa."

"Nyuma yako hapo?"

"Hapa hapa nyuma yangu."

"Basi egemea."